Msumari wa Tatu Kutoka Mlangoni

Klabu ilikuwa na basi lenye kiyoyozi na picha ya mwenyekiti ubavuni, anacheka meno yote nje, lakini chumba cha kuvalia hakikuwa na kabati hata moja. Nguo zilitundikwa kwenye misumari. Misumari ya kupaulia, ile mirefu, imepigwa kwenye ubao mmoja uliozunguka kuta tatu, na kila mchezaji ana wake. Siku Kiberiti alipoingia mara ya kwanza na mfuko begani, mtunza vifaa hakumpa hata mkono. Alimwonyesha kwa kidevu.

"Ule pale. Wa tatu kutoka mlangoni."

Msumari wenyewe ulikuwa umeinama upande, kama shingo ya mtu anayesikiliza jambo lisilomhusu. Kiberiti akatundika shati lake, likaanguka. Akalitundika tena, likaanguka tena. Mtunza vifaa akasema, bila kugeuka, "Utauzoea. Mwenzako aliuzoea."

Alikuwa na miaka kumi na tisa, winga wa kulia, na ndiyo kwanza ametoka kutia saini. Jina la Kiberiti alipewa na watoto wa mtaani kwao kwa sababu alikuwa mwembamba, ana kichwa kikubwa, na akikwaruzwa kidogo tu anawaka. Mjomba wake, ndugu wa mama, aliyemlea tangu baba alipoaga dunia na ambaye sasa alijiita meneja, alilia siku ile ya saini. Alilia kwa sauti, mbele ya wapiga picha, kisha akauliza kama picha imetoka vizuri.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Chumba kilinuka dawa ya kuchua misuli na soksi mbichi. Wote walikuwa wameshafunga viatu, wanasubiri refa agonge mlango, na Kiberiti akaona ni vizuri aseme neno, aonekane mtu wa watu.

"Kumbe huu msumari," akasema, "ndio uliokuwa wa Cherehani?"

Kila mtoto aliyewahi kupiga mpira wa matambara katika mji ule alimjua Cherehani. Winga wa kulia, jezi namba saba, miguu inakwenda tak-tak-tak kama sindano juu ya kitambaa, beki anabaki ameshonwa pale pale aliposimama. Msimu uliopita alitolewa kwa machela. Klabu ikatangaza kwamba ameumia kidogo na anaendelea vizuri. Basi. Tangu hapo hakusikika wala kuonekana, na jezi akapewa Kiberiti.

Nahodha, beki wa kati, mtu mzima mwenye shingo kama gogo, aliinama, akafungua kamba za viatu vyake. Kipa akafungua. Wa kiungo wakafungua. Mmoja mmoja, ukuta kwa ukuta, wote wakainama, na kwa muda hakukuwa na sauti chumbani ila kamba zinazochomolewa matunduni.

"Na wewe fungua," nahodha akasema. "Yote. Mpaka chini."

"Nimekosa nini, kaka?"

"Hujakosa, ulikuwa hujui. Humu ndani, siku ya mechi, jina la aliyeumia halitajwi. Likitajwa tunafungua wote, tunaanza upya. Jina la majeruhi ni mlango, mdogo wangu. Ukiliacha wazi, jeraha linaingia na kuchagua mwingine."

"Sasa nikitaka kumzungumzia?"

"Kwa nini utake kumzungumzia? Ukibanwa sana, sema 'aliyetangulia nje'."

"Na ukilitaja tena," kipa akaongeza, "utatufunga kamba sisi sote, mmoja mmoja. Nakuonya mapema, miguu yangu inanuka."

Wakacheka, wakafunga upya, wakatoka. Kiberiti naye alicheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alijiambia, na yake alikuwa ameshaifunga.

Nani aliyeanzisha desturi ile, hakuna aliyejua. Walisema wameikuta. Walisema ni heshima. Lakini tazama ilivyofanya kazi, uone kama wakubwa wa klabu wangeketi mwaka mzima kwenye viti vyao vya ngozi wangebuni kitu bora kuliko hicho: mtu anavunjwa, na wenzake wenyewe, kwa mikono yao wenyewe, wanamfukia na kusawazisha udongo. Hakuna anayeuliza kaenda wapi. Kuuliza ni mkosi. Na mwenyekiti anaendelea kucheka ubavuni mwa basi.

*

Wachezaji wasio na familia walilala kwenye nyumba ya klabu, nyuma ya uwanja. Kiberiti alipewa chumba pamoja na kipa, na kitanda cha dirishani. Godoro lilikuwa na bonde. Mtu aliyelilalia kabla yake alikuwa mrefu kumzidi na alipenda kulala ubavu wa kushoto. Kiberiti hata akijilaza chali, alijikuta anateremka taratibu mpaka anaingia kwenye umbo la mwenzake, bega ndani ya bega, nyonga ndani ya nyonga.

Kila mchana, baada ya chakula, ilikuwa amri kupumzika. Milango inafungwa, mapazia yanashushwa, jua linachoma bati. Ilikuwa mchana wa namna hiyo alipoisikia. Njumu juu ya saruji, koridoni. Tak-tak-tak. Kisha mguu mmoja unavuta, kama mtu anayekokota kitu kidogo. Tak-tak-tak, na kuvuta.

Nani anavaa viatu vya mpira saa za kulala? Aliamka, akafungua mlango. Korido ilikuwa imetoka kupigwa deki, sakafu inang'aa kwa maji mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na alama ya mguu.

"Umesikia?" akamwuliza kipa.

"Nimesikia nini?"

"Mtu amepita na njumu."

"Lala, bwana," kipa akasema. Lakini alikuwa ameshageukia ukutani, na aligeuka upesi mno kwa mtu aliyekuwa usingizini.

Ikawa hivyo. Si kila siku, lakini kila alipoanza kudhani imekwisha, ilirudi. Na jambo lililomtisha zaidi halikuwa sauti. Siku moja mazoezini, akitembea kwenda kuokota mpira, mtunza vifaa alimwita: "We kijana, mbona unachechemea?"

"Mimi? Mimi sina kitu."

"Unavuta mguu wa kulia."

Akautazama mguu wake. Ni kweli ulikuwa unavuta, na haukuwa unauma popote.

Kuuma kulikuja baadaye, na kulikuja kwa sababu ya kawaida kabisa, maana klabu hazihitaji mizimu ili kuumiza watu. Karibu na kibendera cha kona kulikuwa na mfuniko wa bomba la maji uliozama, na nyasi zimeota juu yake. Wachezaji walilalamika tangu msimu juzi. Wakaambiwa fundi anakuja. Kiberiti akapiga krosi, akatua pale, na kifundo cha mguu kikageuka nje.

Kocha alikuja taratibu, mikono mfukoni. "Kinatembea?"

"Kinauma, mwalimu."

"Sikukuuliza kama kinauma. Jumapili tuna mechi. Punda afe, mzigo ufike. Mpelekeni kwa daktari."

Daktari wa timu alikuwa mpole. Hilo lazima lisemwe: alikuwa mtu mpole sana, mikono ya moto, anaimba kwa pua huku anatafuta mahali pa kuchoma. Watu wa aina hiyo ndio wanaofanya kazi kama ile. Mtu mkali angekataliwa.

"Kijana wangu," alisema, akibonyeza kifundo, "maumivu ni uvumi tu. Mguu unazusha. Unaogopa mechi, unaanza kusambaza maneno. Sisi tunaunyamazisha kidogo, unacheza, ukimaliza mnapatana."

Sindano ikaingia. Baada ya muda mfupi mahali palipokuwa panapiga kelele pakawa kimya, kimya cha nyumba iliyohamwa. Jumapili Kiberiti alikimbia kama hajawahi kukimbia. Alimpita beki wake kulia, akampita kushoto, akatoa pasi ya bao la kwanza na kufunga la pili mwenyewe. Uwanja ukawaka. Lakini mara mbili, katikati ya mbio, alitazama chini kuhakikisha kama mguu bado upo. Alikuwa anasikia hatua za kiatu chake cha kushoto. Cha kulia hakikutoa sauti. Sauti yake ilikuwa inatoka mahali pengine, nyuma yake kidogo, kama mtu anayemkimbilia na hataki kumpita.

Ganzi ilipoisha, mguu ulivimba mpaka kiatu kikakatwa kwa mkasi.

*

Mjomba alikuja kumwona siku ya pili, amevaa suti.

"Umeona magazeti? Mwanangu, umeona? 'Kiberiti cha Uwanja Mzima'! Mama yako amelibandika gazeti ukutani, majirani wanapanga foleni kuja kusoma."

"Mjomba, mguu umevimba."

"Mguu wa mshindi huvimba! Sikiliza. Mechi ijayo wanakuja watu kutoka nje. Wawakilishi wa klabu kubwa. Wanakuja kwa ajili yako, nimeongea nao mwenyewe, kwa simu, kwa Kiingereza." Akajigusa kifua kuthibitisha Kiingereza hicho. "Ukicheza hii, tumetoka. Wote. Mama yako, wadogo zako, mimi. Huo mguu usiuite wako peke yako. Ni mguu wa ukoo."

"Basi na ukoo uje kuuchua, Mjomba. Unauma."

"Unaona? Utani wako ule ule wa utotoni." Mjomba akacheka, akampigapiga begani, akaondoka bila kuutazama mguu wenyewe.

Mchana ule njumu zilikuja tena koridoni. Safari hii hazikupita. Zilisimama nje ya mlango. Kiberiti alilala ndani ya bonde la godoro, jasho linamtoka, akisikiliza kimya kile, na akagundua kwamba anakijua. Kilikuwa kile kile cha kifundo chake baada ya sindano.

Jioni alimkuta mtunza vifaa anaanika jezi, nje, mbali na chumba kile na siku zake za mechi.

"Cherehani anakaa wapi?"

Mzee akavishika vibanio mdomoni muda mrefu. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akasema mwishowe. "Yuko kwa dada yake. Nyuma ya soko la zamani, nyumba yenye kibaraza cha buluu. Mimi sijakwambia."

*

Kesho yake, akichechemea, alianza kuisikia kabla ya kufika. Tak-tak-tak, tak-tak-tak, mchana kweupe, watu wanapita na mafurushi yao kama kawaida. Nywele zikamsimama. Akakunja kona, akaona kibaraza cha buluu, na juu yake mwanamke mnene amekaa nyuma ya mashine ya kushonea ya kukanyaga kwa miguu, anapinda sare za shule.

Basi ni hapa jina lilipozaliwa. Mtoto alilelewa chini ya meza hii na akajifunza mpira kwa mdundo huu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alimtazama usoni, kisha miguuni. Mashine ikanyamaza. "Wewe ndiye uliyepewa jezi."

"Ndiyo, dada."

"Umefuata nini tena? Magongo? Chukua, yako pale mlangoni. Kila kitu chake kingine mmeshagawana."

"Dada," sauti ikatoka ndani, "mwache huyo mtoto aingie."

Cherehani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda kama ubao wa mtu mwingine aliyeombwa autunze. Umri wake haukuzidi ishirini na tano. Uso ulikuwa ule ule wa magazetini, ila umekauka, na paja la kulia lilikuwa jembamba kama mkono.

"Wamekuchoma wapi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

"Kifundo."

"Mimi pia walianza na kifundo. Kisha goti." Aligonga goti kwa kidole, kama anagonga mlango wa nyumba anayojua haina mtu. "Siku ile kipindi cha kwanza nikasikia kitu kimekatika ndani. Kama uzi. Pwi! Maumivu hakuna. Nikamwambia daktari, kuna kitu kimekatika. Akasema uvumi. Nikacheza kipindi cha pili chote juu ya goti lililokatika, na watu wakanishangilia. Unajua nilifunga?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa jukwaani. Nilishangilia."

"Basi na wewe." Hakusema kwa uchungu. "Nilipotolewa nilifikiri watakuja. Nahodha, mtoto wake ni mimi niliyemfundisha baiskeli. Hakuja. Kipa nimelala naye chumba kimoja misimu mitatu. Hakuja. Nikasema, wamenisahau."

"Hawajakusahau. Nilikutaja, siku ya mechi yangu ya kwanza. Wote walifungua kamba."

Cherehani akamtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka dada yake akachungulia mlangoni. "Bado wanafungua kamba! Dada, umesikia? Nikitajwa, wanaume wazima wanainama." Akajifuta macho kwa kiganja. "Na mimi nilifungua, bwana. Nilifungua kwa ajili ya Bawaba, na Pacha, na yule mfupi wa pembeni. Nilifungua upesi kuliko wote. Nilikuwa naogopa."

Kiberiti alikuwa na jambo lililomleta, akalisema. Alisema habari ya korido, na sakafu yenye maji isiyo na alama.

Cherehani hakucheka. "Mwisho wake inavuta?"

"Inavuta."

"Tak-tak-tak, halafu inavuta."

"Ndiyo, kaka."

"Ni mguu wangu huo." Alisema kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyepotea. "Mimi nilitoka. Wenyewe haukupewa ruhusa. Hapa ndani, tazama," akajivuta, akachukua magongo, akatembea mpaka dirishani na kurudi, na Kiberiti hakusikia hatua hata moja. "Dada ameyavika vitambaa chini. Nilimwomba. Sikutaka kusikia mwendo usio wangu."

Nje mashine ilikuwa imeanza tena.

"Kaka, nicheze?"

"Usiniulize mimi. Nikikwambia usicheze utasema nina wivu, na kweli ninao, ninao mpaka kooni. Nikikwambia cheza, dada atanipiga na hicho kigoda." Akainamisha kichwa. "Nakuomba jambo moja tu. Sema panapouma. Kwa sauti, mbele ya watu. Mimi nilimwambia daktari peke yake, sikioni, kama mwizi. Ndiyo maana hakuna aliyesikia."

Akitoka, dada alimsimamisha kibarazani. Akamtazama mguu tena, akang'ata uzi kwa meno.

"Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua?"

Kiberiti akainama, akatazama kifundo chake. "Haya," mwanamke akasema, na mguu wake ukarudi kwenye kanyagio.

*

Siku ya mechi uwanja ulijaa mapema. Mjomba alikuwa jukwaa kuu, suti ile ile, karibu na wageni wawili wenye miwani ya jua. Alimpungia Kiberiti mikono yote miwili kama mtu anayeongoza ndege kutua.

Chumbani walikuwa wameshafunga kamba. Kiberiti alikaa chini ya msumari wake, jezi namba saba mwilini, mguu wa kulia peku juu ya kiti. Kifundo kilikuwa na rangi ya bilinganya. Hakuna aliyekitazama. Wanaume wale walikuwa na ufundi wa kutokitazama kitu. Walitazama dari, walitazama kucha zao, walimtazama kocha akichora mishale ubaoni. Winga wa akiba, mtu aliyezeekea benchi, alikuwa anakula chungwa taratibu kwenye kona.

Daktari akaja na sinia lake, anaimba kwa pua. Akachuchumaa.

"Kijana wangu. Tunyamazishe."

Kiberiti aliona sindano. Aliona jukwaa kichwani mwake, mama yake na gazeti ukutani, wadogo zake wanne kitanda kimoja. Mguu wa ukoo. Alijua kabisa kile anachokishika na kile anachokiachia, msidhani hakujua. Hakuna mtu anayejua thamani ya mlango kama aliyeusubiri utotoni kote. Akauvuta mguu nyuma.

"Panauma," akasema.

"Ni uvumi, mwanangu."

"Panauma hapa." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akaweka kidole. "Na hapa, mfupani. Usiku sijalala. Si uvumi. Panauma kama palivyomuuma Cherehani."

Chungwa likasimama mdomoni mwa winga wa akiba. Kocha akaacha kuchora. Na mikono ya wale watu, kwa mazoea tu, kabla vichwa havijaamua, ikashuka kwenye kamba.

"Acheni upuuzi!" kocha akapaza sauti. "Refa anagonga sasa hivi! Fungeni viatu! Wewe," kidole kikamwelekea Kiberiti, "unanitafutia nini? Unadhani hakuna mwingine? Kesho nitaokota kumi kama wewe barabarani. Vua jezi. Toka."

Kiberiti akavua. Shingo ya jezi ilimkwama masikioni, na hakuna aliyecheka. Akaitundika kwenye msumari wa tatu. Haikuanguka. Akachukua kiatu chake kimoja na simu yake, akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja, akaketi koridoni juu ya kreti la chupa za maji. Mlango haukufungwa sawasawa nyuma yake.

Kwa hiyo aliyasikia yote.

"Vaa saba," kocha alikuwa anamwambia winga wa akiba. "Daktari, huyu naye lile paja lake, mchome."

Ikatoka sauti ya yule mzee wa benchi, ambayo Kiberiti hakukumbuka kama aliwahi kuisikia ikisema sentensi nzima: "Naomba kuuliza. Kiberiti atapelekwa hospitali?"

"Umemtaja," mtu mmoja akanong'ona. "Umemtaja aliyetangulia nje."

"Ndiyo. Nimemtaja."

"Basi tufungue," nahodha akasema.

"Tumeshafungua, nahodha," kipa akajibu. "Ukifungua zaidi ya hapa utabaki na nyayo."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyefunga pia. Kiberiti alisubiri kusikia kamba zinavutwa, sauti ile kavu anayoijua. Haikuja. Kilichokuja ni mguno wa nahodha, mzito, kama mtu anayenyanyua jiwe lililomlalia.

"Cherehani," nahodha akasema. "Goti la kulia."

"Mnafanya nini?" kocha akauliza.

"Bawaba," akasema kipa. "Nyonga. Analala amekaa mpaka leo."

"Pacha. Mgongo."

"Yule mfupi wa pembeni, jina lake nani, Kisoda. Kifundo, cha kushoto. Kisha cha kulia."

"Nahodha, nitakufukuza! Nitawafukuza wote!"

"Mimi," winga wa akiba akasema. "Paja. Tangu msimu juzi. Panauma hapa."

Refa akaja na wasaidizi wake, wakampita Kiberiti bila kumwona, wakagonga, wakaondoka. Jukwaani walikuwa wanaimba. Simu ya Kiberiti ikatetemeka kiganjani: Mjomba, tena Mjomba, kisha Mama. Hakuipokea. Mguu ulikuwa unamuuma kwa namna ambayo haujawahi, wote, kila mfupa unasema jina lake, na katikati ya kuuma huko alitambua kwamba ni wake.

Filimbi ikalia uwanjani kuwaita. Ndani, majina yalikuwa bado yanaendelea, sasa ya watu wa zamani ambao Kiberiti hakuwahi kuwasikia, na kila jina na mahali pake.

Ndipo alipoisikia ile sauti ya njumu ikija kutoka upande wa uwanjani, kwenye saruji tupu, mchana kweupe. Tak-tak-tak, na kuvuta. Ilikuja taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama nje ya milango ya watu. Ikafika mbele yake, ikakoma.

Filimbi ikalia mara ya pili.

Kiberiti alibana miguu, akasogea mpaka ukingoni mwa kreti, akaiachia nafasi ikae.